Ndege ya Mtumba na Deni la Kale

Tunajua kuwa wengi wenu mnapoufungua ukurasa huu mnatarajia maneno ya ndoa, mirathi au malezi. Leo tunaomba mtuvumilie, kwani tutazungumza juu ya ndege. Wala si ndege ya abiria, bali ni ndege ndogo ya mbao, ya mtumba, iongozwayo kwa rimoti, ambayo imekaa barazani kwetu miezi saba. Mwisho wa maneno mtaona kuwa hatukutoka mbali na malezi.

Tulikuwa tumekwenda kutafuta kabati la vitabu katika duka moja la vyombo vilivyotumika, vile vinavyoletwa kwa makontena kutoka Ulaya. Juu ya rundo la viti palikuwa na ndege imelazwa kichwa chini. Mabawa yake, ncha hadi ncha, yalikaribia mita moja na nusu. Ngozi yake ya plastiki nyekundu na nyeupe ilikuwa imechanika, gurudumu moja halikuwapo, na rafadha yake imevunjika upande mmoja. Mwenye duka alitaka shilingi 7,000. Tukashindana naye kwa upole, akatuachia kwa 4,500 pamoja na rimoti yake kuukuu. Kabati hatukununua.

Tulipofika nyumbani, mama watoto alisimama mlangoni, akaitazama ndege, akatutazama sisi, akauliza: "Hili ndilo kabati?"

Hatukuwa na jibu la haraka, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa refu na la aibu. Tunalitoa hapa.

Mwanetu wa pili, ambaye leo ana miaka 24 na anafanya kazi ya ufundi wa simu mjini, alipokuwa na miaka 12 alitengeneza ndege. Aliifanya kwa vitu vya jalalani, na akaitia mota iliyotolewa katika redio ya kaseti iliyokufa. Ili aimalize, alitoroka chuo siku tatu mfululizo, na chuo chenyewe mwalimu wake ni baba yake. Siku ya tatu alikuja nayo mbio hadi uani, wenzake wanamfuata, akasema: "Baba, tazama!" Sisi tulitazama, na tulichokiona ni siku tatu za utoro. Tukaitwaa ile ndege, tukaiweka chini, tukaikanyaga mbele ya watoto wote. Tulidhani tunafundisha adabu. Mtoto hakulia. Alirudi chuoni kesho yake na hakutoroka tena. Tukajipongeza.

Ilituchukua muda kutambua kuwa tangu siku ile hakutuambia tena "Baba, tazama." Alikuwa mtoto mtiifu. Alitusalimu, alitubusu mkono, alituma alichojaaliwa kila mwisho wa mwezi. Lakini mambo yake hakutuonyesha. Hata alipoamua kujifunza ufundi, tulipata habari kwa jirani. Basi siku ile dukani, tulipoliona lile bawa lililochanika, miguu yetu ilikataa kuondoka.

Kumwita moja kwa moja tulishindwa. Tulimwomba mamake amwambie kuwa baba yake amenunua kitu chenye nyaya na hajui pa kuanzia. Hilo lilikuwa kweli tupu. Alikuja Ijumaa alasiri, akatusalimu, akaigeuza ndege mikononi kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Hii si ya watoto, Baba. Hii ni ya michezo ya angani."

Alitueleza. Ndege ile ni mfano wa Extra 300, ndege ya michezo iliyobuniwa na rubani wa Kijerumani, Walter Extra, na ya kwanza iliruka mwaka 1988. Bawa la ndege ya kawaida aghalabu limebinuka zaidi upande wa juu kuliko wa chini. Bawa la hii limebinuka sawasawa juu na chini, ili iweze kuruka kichwa chini kama irukavyo kichwa juu. Ndiyo maana hufanya vitanzi na mizunguko ambayo ndege nyingine ikijaribu itaanguka. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haimsamehe rubani: haina tabia ya kujirudisha yenyewe sawa. Utakavyoiweka ndivyo itakavyokaa, na ukiiweka vibaya itakwenda vibaya hadi ardhini.

Tulitaka kujua mchezo huu ulianzia wapi, naye akatusomea katika simu yake. Ndugu wawili mapacha wa Kimarekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao ya kuongozwa kwa redio mwaka 1937. Waliiita Guff, na hadi leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Mashindano ya kwanza ya dunia ya michezo ya angani kwa ndege za namna hii yalifanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960, na mshindi alikuwa Mmarekani Ed Kazmirski. Nasi tukamsimulia la kwetu: Abbas ibn Firnas wa Andalusia, katika karne ya 9, ambaye al-Maqqari amemtaja katika historia yake. Alijivika manyoya, akajifungia mabawa, akaruka masafa ya kutosha, lakini aliposhuka aliumia mgongo. Sababu iliyotajwa ni kuwa hakuzingatia kwamba ndege wa angani anapotua hutumia mkia, naye mkia hakujitengenezea.

"Alisahau mkia?" mwanetu aliuliza, akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akicheka mbele yetu.

Kazi ikaanza. Tukapatana kila Ijumaa baada ya alasiri na kila Jumanne baada ya isha.

Kwanza ilikuwa injini. Ilikuwa injini ya mafuta, ile inayotumia pombe kali ya methano iliyochanganywa na nitromethani na mafuta ya mbarika ya kulainisha. Wazee wetu waliyatumia mafuta ya mbarika tumboni na kichwani. Hatukujua kuwa yanalainisha pia injini za ndege. Ila yakiachwa miaka ndani ya chuma hugeuka kama gundi, na injini ile ilikuwa imeganda kabisa. Tuliipasha moto taratibu, tukaidondoshea mafuta mepesi, tukaacha, tukarudia, hadi siku moja mhimili ukazunguka kwa mkono. Tulifurahi kama waliopata mjukuu. Kisha mwanetu akasema neno la busara: mafuta ya injini hii tutayanunua wapi? Hatukuyapata katika duka lolote tuliloulizia. Ikabidi tuweke mota ya umeme. Injini leo imekaa juu ya meza yetu, inazuia karatasi zisipeperushwe na upepo wa kaskazi.

Pili ilikuwa nyaya. Betri ya zamani ndani ya ndege ilikuwa imevuja. Mwanetu alikata waya mmoja akatuonyesha: nje una ngozi nyekundu nzuri, ndani shaba imekuwa nyeusi kama masizi. "Ungewasha ungefanya kazi, Baba," alisema, "halafu ungekatika angani." Rimoti nayo ilikuwa ya mawimbi ya megahezi 35, yaliyotumiwa kwa ndege hizi Uingereza, ambapo ndege mbili za mawimbi mamoja zikirushwa pamoja huharibiana. Za siku hizi hutumia gigahezi 2.4 na kila rimoti huitambua ndege yake. Tukanunua mpya. Mota, kidhibiti cha umeme, betri, chaja, rimoti na plastiki ya kufunikia, vyote vilitugharimu takriban shilingi 28,000, nusu yetu na nusu yake. Mama watoto aliuliza kabati lingekuwa bei gani. Tulinyamaza.

Tatu ndiyo iliyokuwa kubwa. Pua ya ndege, pale mota inapofungwa, ina kipande cha plaiwudi kinachobeba nguvu zote. Kwa nje kilikuwa kizuri kuliko sehemu nyingine zote, kwani plastiki yake ilikuwa mpya na inang'aa. Mwanetu alikishuku kwa sababu hiyo hiyo. Akaibandua plastiki. Chini yake palikuwa na ufa mrefu, na mbao yote imelowa mafuta ya injini. Aliyeitengeneza kabla yetu aliuona ufa, akaumiminia gundi juu ya mafuta, kisha akaufunika. Gundi haishiki penye mafuta. Tuliushika ule ufa kwa vidole viwili, nao ukafunguka bila kutumia nguvu.

Mafuta yakishaingia ndani ya mbao hayafutiki kwa kitambaa. Inapasa yatolewe polepole, kwa joto na kwa unga unaonyonya. Hapo ndipo nasi tulipopata mchango wetu. Chuoni tuna vipande vingi vya chaki visivyoandikika tena. Tulivisaga kwenye kinu kidogo, tukaupaka unga juu ya mbao, na mwanetu akapitisha joto la kikausha nywele cha dada yake. Mafuta yalipanda, chaki ikageuka njano, tukaikwangua, tukapaka nyingine. Ufa wa urefu wa kidole kimoja ulitushughulisha siku tisa za kazi.

Siku ya nne ya chaki, umeme ulikatika. Tulibaki na mwanga wa simu yake tu, umeelekezwa kwenye ile mbao, na nyuso zetu zikiwa gizani. Huenda tusingeyasema tuliyoyasema kama taa ingekuwapo.

Tulimwambia: "Mwanangu, ile ndege yako ya boksi, ile niliyoikanyaga."

Aliendelea kukwangua. Kisha akasema: "Haikuwa ya boksi, Baba. Mabawa ndiyo yalikuwa ya boksi. Kiwiliwili kilikuwa cha njiti za makuti. Nilizichagua moja moja, zilizonyooka."

Ndugu wasomaji, miaka 12 sisi tuliibeba habari ile tukidhani tunaikumbuka. Hata ilitengenezwa kwa nini tulikuwa hatujui. Mwenye kuumia alikuwa anakumbuka kila njiti.

Tukamwambia: "Kutoroka chuo lilikuwa kosa lako, na ulistahili kuambiwa. Kuikanyaga, tena mbele ya wenzako, lilikuwa kosa langu. Nilipaswa kukuomba radhi siku ile ile. Nakuomba leo."

Alikaa kimya kitambo. Tulisikia jenereta ya jirani ikiwashwa. Mwisho akasema: "Yamekwisha, Baba. Nipe chaki."

Hatuwadanganyi kwamba pale pale kila kitu kikawa kipya. Jumanne iliyofuata hakuja, na tulidhani tumeyatibua maji yaliyokuwa yametulia. Ijumaa akaja. Hakutaja lolote, nasi hatukuuliza. Mbao ilipokauka na chaki ikabaki nyeupe, tukaujaza ufa kwa gundi ya epoksi, tukaubana usiku mzima, na asubuhi tukaupiga msasa. Haukufunguka tena.

Mengine yalikwenda kwa subira. Mbavu za bawa zilizovunjika tulizikata upya kwa balsa, mti mwepesi mno unaotoka zaidi Ekwado. Ngozi mpya ya plastiki tuliinyoosha kwa pasi ya nguo iliyovishwa soksi, maana plastiki ile ikipata joto hujikaza yenyewe kama ngozi ya ngoma. Mama watoto, aliyekuwa akitucheka, ndiye aliyetuonyesha kuwa mkono wetu wa pasi ni mzito. Bawa zima la kushoto alilinyoosha yeye.

Ikaja zamu ya kupima uzani. Ndege kama hii yapasa ikiinuliwa kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele, ikae sawa. Ya kwetu iliketi kwa mkia. Tulikuwa tumeondoa injini nzito puani, tukaweka mota nyepesi, na betri tumeiweka katikati kwa kuwa ndipo nyaya zilipofika kwa urahisi. Mwanetu alituangalia, nasi tukasema kwa pamoja: "Mkia!" Ibn Firnas aliusahau mkia, sisi wetu ulitushinda uzito. Tuliisogeza betri mbele, mahali palipokuwa na tanki la mafuta, tukarefusha nyaya, nayo ikakaa sawa.

Hatukukimbilia kuirusha. Mwanetu alijifunza miezi mitatu kwa programu ya kompyuta inayoiga urukaji. Nasi tulijaribu jioni moja. Tukaangusha ndege za kompyuta kumi na moja, tukamrudishia kiti chake. Pia kuna sheria. Kanuni za mwaka 2020 zimeviweka vyombo visivyo na rubani ndani yake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na karibu na viwanja vya ndege si mahali pa mchezo. Kijana aliyeona watu wakirusha ovyo ufukweni aweza kudhani hakuna mwenyewe; sivyo. Tuliuliza, tukafuata taratibu, na mwenye uwanja mmoja ulio kando ya mashamba ya mkonge, kaunti ya Kilifi, akatupa ruhusa kwa moyo mweupe.

Tulifika asubuhi mapema, upepo haujaamka. Mwanetu alikuwa na karatasi ya mambo ya kukaguliwa, akiyasoma moja moja na kuyatekeleza: betri imejaa, skrubu zimekaza, rimoti inafika mbali. Sisi tulisimama nyuma ya mkia tukisikiliza. Kazi yetu kwa miaka thelathini ni kuwasikiliza wanafunzi wakisoma, na sikio la mwalimu huzoea kunasa herufi iliyoteleza hata akili ikiwa mbali. Alifika mahali pa vibawa vidogo vya ukingoni mwa mabawa, vile vinavyoilaza ndege upande huu au huu. Akakisukuma kijiti cha rimoti kulia, akasema, "Sawa," akaendelea.

Haikuwa sawa. Kijiti kikienda kulia, kibawa cha kulia hupanda na cha kushoto hushuka. Alikuwa ametufundisha hivyo yeye mwenyewe. Tuliona cha kulia kikishuka. Wiki iliyotangulia alikuwa amebadilisha sevo zake, na mwendo ukageuka. Ndege ile ingepaa, ingeelemea upande mmoja, naye angeirudisha, na kila akiirudisha ingezidi kuelemea. Kazi ya miezi saba ingeishia kwenye mkonge.

Palikuwa na watu: mwenye uwanja, vijana wanne wa pale kijijini, na rafiki zake wawili kutoka mjini. Tulihisi neno likipanda kooni, lile lile la siku ile, la sauti ya juu. Tulilimeza. Tukasogea karibu naye tukamwambia kwa sauti yake yeye peke yake: "Hebu nisomee tena hapo pa vibawa."

Akatutazama. Akasukuma kijiti kulia. Akakiona. Uso wake ulibadilika rangi, akaiweka rimoti chini kidogo, akavuta pumzi. Kisha akaiinua, akabonyeza mara mbili tatu kuugeuza mwendo, akajaribu tena, kulia, kushoto, kulia. Hakuna aliyejua kilichotokea baina yetu. Akaianza karatasi upya, kutoka mstari wa kwanza.

Iliruka dakika nne. Ilipaa kwa urahisi kuliko tulivyodhania, ikazunguka juu ya mkonge, akaifanyisha kitanzi kimoja kikubwa na mzunguko mmoja wa polepole, na kwa nukta chache akaiendesha kichwa chini. Vijana wa kijijini walipiga mayowe. Sisi tulikuwa tumeushika ushungi wa mama watoto bila kujua. Wakati wa kutua iliruka kama panzi mara mbili na mguu mmoja ukapinda. Hakuna aliyejali.

Ndugu zetu wazazi, na hasa sisi tulio walimu, hatuwaambii msiwaonye watoto. Kosa la mtoto lina haki ya kusahihishwa. Lile la kibawa lingeachwa lingeivunja ndege. Lakini kuna kusahihisha kunakombakishia mtu ndege yake, na kuna kusahihisha kunakoikanyaga. Na palipo na ufa wa zamani kati yako na mwanao, usitie gundi ya zawadi na maneno matamu juu ya mafuta. Toa mafuta kwanza. Lisema kosa lako kwa jina lake. Itachukua siku nyingi kuliko unavyotaka.

Mwanetu bado huja Ijumaa. Mguu uliopinda tuliunyoosha, na ndege imeruka mara nyingine tatu. Wiki iliyopita alifika na daftari chini ya kwapa, limejaa michoro ya ndege anayotaka kuibuni yeye mwenyewe, kiwiliwili chake kikiwa cha njiti za makuti zilizofungwa pamoja. Alilifungua juu ya meza, akaisogeza ile injini kando, akasema: "Baba, tazama."

Tulitazama hadi magharibi.

Kabati la vitabu bado hatujanunua. Mwenye nalo atujulishe, ila tafadhali asiliweke karibu na kitu chochote chenye mabawa.